Miguu ya Nakunda, Macho ya Kajiru

Goti la kushoto ndilo lililomsaliti. Nakunda alikuwa ametoka jikoni na sufuria ya makande, amebakiza hatua chache tu kufika mezani, mara goti likalegea kama mtu aliyesinzia kanisani. Sufuria ikaruka, makande yakatapakaa mpaka chini ya kabati, naye akajikuta amekaa sakafuni na kanga imelowa, anacheka huku analia. Alicheka kwa sababu hakuungua sana. Alilia kwa sababu juzi yake tu alikuwa ameanguka vilevile.

"Makosa ya waya," ikasema sauti kutoka kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani, sauti ya kike yenye adabu za mhudumu wa benki. "Vifurushi vimepotea njiani. Pole kwa kuanguka. Makosa ya mwezi huu yanakaribia kiwango cha mwisho. Yakifika hapo, miguu itazimwa kwa usalama wako."

"Usalama wangu!" Nakunda akakijibu. "Mimi niko chini na makande, wewe uko ukutani umekauka vizuri, halafu unanieleza habari za usalama!"

Mumewe, Yonazi, aliingia mbio kutoka uani, mikono imejaa udongo wa kitalu cha kahawa. Alimwona mkewe, akaona makande, akashindwa aanze kumpa nani pole.

"Umeumia, Mama Mcharo?"

"Sijaumia. Nipe mkono. Usiushike huo, huo umeungua kidogo."

"Si umesema hujaumia?"

"Baba Mcharo, nipe mkono."

Miguu ile ilikuwa ya Nakunda na haikuwa yake. Nyama na mifupa ni vyake mwenyewe, alizaliwa navyo papa hapa Usangi. Lakini siku lori la magunia ya tangawizi lilipokatika breki kwenye mteremko na kumbana ukutani, uti wa mgongo ulikatika, na tangu hapo miguu ilikuwa kama wageni waliolala bila kuamka. Alikaa hivyo mwaka mzima. Ndipo hospitali ya mjini, kule chini bondeni, ilipomfunga ukanda mgongoni. Ukanda unasikia kichwa kinataka nini. Unalipeleka neno hilo kwa waya hadi kwenye kompyuta kubwa ya hospitali, ile inapanga misuli ipi ikaze na ipi ilegee, kisha inarudisha amri kupanda mlima, na nyaya nyembamba zilizopigiliwa kwenye kuta za nyumba zinaipasha miguu habari. Yote hayo kabla kisigino hakijagusa sakafu. Kwa hiyo Nakunda alitembea ndani ya nyumba yake na kwenye baraza lake. Nje ya hapo alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu.

Ungeuliza, kwa nini ujumbe usipitishwe hewani? Hewa ilikuwa na wenyewe. Ndege zisizo na rubani na magari yasiyo na dereva vilikuwa vimeijaza hewa hadi pomoni, na watu wa milimani wakaambiwa wajisaidie na waya wa shaba wa simu za zamani, uliolala ardhini tangu enzi za mababu. Wengine walinung'unika. Nakunda hakunung'unika hata siku moja. Kila asubuhi akiwasha ukanda na kuona vidole vya miguu vinachezacheza, alisema "Asante" kwa sauti: kwa Mungu kwanza, kisha kwa madaktari, kwa mtu aliyechimba ile shaba akafa bila kujua itamfaa nani, na hata kwa kisanduku, japo kilikuwa na maneno. Alitembea asubuhi tu, maana misuli iliyolala mwaka mzima haikuweza kazi ya kutwa. Ikifika adhuhuri alizima, akarudi kitini. Asubuhi zilimtosha.

Sasa hata hizo asubuhi zilikuwa zinataka kuondoka.

*

"Tuanze ndani," alisema Nakunda baada ya sakafu kupigwa deki. Hivyo ndivyo walivyofundishwa na fundi wa hospitali: kabla hujamshika mtu wa nje, safisha nyumba yako.

"Ni Kajiru," alisema Yonazi.

"Kajiru kafanya nini tena?"

"Sijui kafanya nini. Lakini ni yeye."

Watani wao Wachaga husema Mpare anaweza kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtakia kuku. Ni utani tu, lakini Nakunda na jirani yake Mzee Kajiru hawakuusaidia uonekane uongo. Kulikuwa na kipande cha ardhi kati yao, chembamba, ukilala chali miguu inatokeza upande wa pili. Katikati yake ulisimama mti mmoja wa parachichi. Kesi ilianzia baraza la kata, ikapanda wilayani, ikarudishwa kata, na sasa wazee wa baraza walikuwa wanakuja kuisikiliza sebuleni kwa Nakunda mwenyewe, kwa kuwa mlalamikaji hawezi kusafiri. Walikunywa chai, wakaahirisha. Walikuwa wanakuja tena Alhamisi.

"Acha Kajiru wa watu," alisema Nakunda. "Chomoa ule waya mrefu unaopita chini ya kitanda."

Wakauchomoa. Wakakifunga kisanduku moja kwa moja pale waya unapoingilia nyumbani, bila kiungo chochote katikati. Wakazima friji, kwa sababu mota ya friji mbovu inaweza kunguruma hadi waya ukasikia. Wakazima pampu ya maji, chaja na taa za ukumbini. Yonazi alitaka kuzima hata saa ya ukutani, akaambiwa hiyo ni ya betri. Kila wakizima kitu, Nakunda alikitazama kisanduku, na tarakimu za makosa ziliendelea kupanda kama kawaida.

Hatua moja ya mguu, fundi alikuwa amewaeleza, haisafiri nzima. Inakatwakatwa vifurushi vidogo, kila kimoja na sehemu yake ya amri. Kikipotea kimoja, mguu unabahatisha na unapatia. Vikipotea vingi kwa mkupuo, goti linabaki linasubiri neno ambalo halitafika, na mwenye goti anakwenda chini. Kinachovipoteza mara nyingi ni kelele: umeme wa kitu kingine unaoingia kwenye shaba na kuyafunika maneno.

Wakatoka nje. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na kijisanduku cha plastiki ambamo waya wa mtaani unaungana na wa nyumba. Yonazi akakifungua kwa bisibisi, akaruka nyuma.

"Lo! Njoo uone, kuna kijiji kizima humu!"

Sisimizi walikuwa wamehamia. Walibeba mayai, walibeba udongo, na juu ya maungio ya shaba walikuwa wamejenga kitu kama ukumbi wa mikutano, kibichi na chenye ukungu wa kijani. Yonazi akawahamisha kwa brashi ya rangi, akawaombea radhi, akakata ncha zilizooza, akaunga upya na kupaka grisi. Makosa yakapungua palepale. Nakunda akavuka sebule yote, akageuka na kurudi, akapiga makofi.

"Baba Mcharo, Mungu wako mkubwa! Na wewe ulikuwa unamsingizia mzee wa watu."

Yonazi alirudisha bisibisi mfukoni, kama mtu aliyeahirisha kesi.

Na kweli, asubuhi iliyofuata, jua lilipoingia tu kwenye dirisha la jikoni, tarakimu zikaanza tena kukimbia. Nakunda akawahi kushika meza. Walipochunguza wakagundua jambo: mchana waya ulikuwa safi kabisa, jioni safi, usiku safi. Uchafu ulikuja asubuhi peke yake, tena wakati ule ule, na kuondoka baada ya muda si mrefu. Friji haina saa. Sisimizi hawana saa. Mwenye saa ni binadamu.

"Lete redio yako," alisema Nakunda.

Yonazi alikuwa na redio ya mkulima, ya betri, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Waliizungusha hadi mahali pasipokuwa na kituo, ikabaki inapumua tu. Fundi aliwahi kuwaonyesha: ukiisogeza karibu na waya wenye kelele, redio hiyo italalamika. Asubuhi iliyofuata Nakunda hakuwasha miguu. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, redio mapajani, akasubiri jua. Mara redio ikaanza kukoroma.

"Nisukume," alisema.

Wakaufuata waya kutoka ukutani, wakapita migombani, hadi kwenye nguzo iliyokuwa palepale mpakani, chini ya ule mti wa parachichi. Hapo nyaya mbili ziligawanyika: moja ya kwao, moja ya jirani. Nakunda akaielekeza redio nyumbani kwake, mkoromo ukapungua. Akaielekeza kwa Kajiru, redio ikapiga kelele hadi kuku wakakimbia.

"Si nilisema?" Yonazi alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda rufaa. "Si nilisema mimi? Anakuangusha kwa makusudi ili Alhamisi wazee wakukute kitandani!"

Nakunda aliwaka hasira. Alimwazia yule mzee, aliyepakana naye miaka yote, akikaa gizani na kubonyeza kitu ili yeye avunjike shingo. "Nisukume mpaka mlangoni kwake," alisema.

*

Walisikia maji kwanza. Maji, na kicheko cha mtoto mchanga, kile kicheko kinachofanana na kwikwi. Kwenye baraza la Kajiru, palipokuwa na jua zuri, binti yake Naetwe alikuwa amechutama anamwogesha mtoto kwenye beseni. Mbele yake, kwenye kigoda, mzee mwenyewe alikuwa ameinama mpaka ndevu zinakaribia kuloa. Alivaa miwani minene myeusi yenye mkia wa waya uliokwenda hadi ukutani. Watu wote wa kitongoji walijua kwamba Kajiru alipofushwa na sukari, na kwamba ile miwani ndiyo inayoona kwa niaba yake: inachukua picha, inaipeleka kwa waya kwenye kompyuta ya hospitali ileile, na inarudishiwa kitu ambacho kichwa chake kinaweza kukiona. Ndani ya nyumba yake na barazani kwake, Kajiru aliona. Nje ya hapo alikuwa mtu wa fimbo.

"Hodi!" alisema Yonazi, kwa sauti ya polisi.

Kajiru alishtuka. Akapapasa ukuta, akachomoa mkia wa miwani, na uso wake uliokuwa umejaa tabasamu ukabaki umegeukia upande ambao hakuna mtu. Kwenye mapaja ya Nakunda redio ikatulia kimya.

"Mama Mcharo," alisema mzee, "umeanguka?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Shikamoo, Mzee Kajiru," Nakunda akasema, maana kesi haifuti shikamoo.

"Marahaba. Umeanguka?"

"Nimeanguka. Juzi na siku nyingine kabla ya hapo. Umejuaje?"

"Nimeshazima. Rudi nyumbani ukatembee. Sitawasha tena asubuhi. Nisamehe."

"Hebu subiri," Yonazi akaingilia. "Asiwashe tena maana yake nini? Kwa hiyo alikuwa anajua?"

Naetwe alimtoa mtoto majini, akamfunga taulo, akasimama. Alikuwa msichana wa maneno machache, aliyekuja kutoka Mwanza kujifungulia kwa baba yake. "Baba, waambie," alisema. "Usipowaambia wewe, nawaambia mimi."

"Hakuna cha kuambiwa."

"Haya." Akamgeukia Nakunda. "Mama, nilipofika hapa nilimkuta baba anapapasa kikombe cha chai asubuhi, na miwani iko mezani. Nikadhani imeharibika. Kumbe haivai asubuhi. Tangu wewe upewe miguu, havai asubuhi. Anakaa na giza lake mpaka mchana, akisikia umezima ndipo anawasha."

Redio ilikuwa imeshatulia lakini Nakunda bado alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Kwa nini?" aliuliza.

Kajiru alikuna ndevu. Alionekana kama mtu aliyekamatwa na parachichi lisilo lake. "Fundi alinieleza siku ile anakufungia. Waya wangu na wako umepita bomba moja tangu nguzo hii mpaka barabarani, umelala pamoja kama vitenge kwenye sanduku. Mmoja ukisema, mwingine unasikia. Macho yanasema sana. Akaniambia yakiwaka wakati unatembea, utakuwa unadondoka. Nikamwambia, asubuhi mimi sina kazi na macho."

"Ulikuwa nayo," alisema Naetwe.

"Nyamaza, mwanangu."

"Mzee Kajiru, miaka miwili!" Nakunda alisema. "Miaka miwili tunakaa kwenye kesi, unanitukana mbele ya wazee, unaniita mwizi wa mpaka, na hukusema?"

"Niseme ili iweje? Ungesema Kajiru ananinunua nimwachie mti." Mzee akacheka kidogo. "Mimi nilikusikia siku uliyosimama mara ya kwanza. Ulijipigia kigelegele mwenyewe, peke yako, kama mwendawazimu. Nikasema, mwanamke huyu nataka nimshinde akiwa amesimama. Nikimshinda kwenye kiti, watu watasema nini?"

Yonazi alitazama chini. Nakunda alitaka kusema asante, akafungua mdomo, pakatoka kilio. Alilia waziwazi, bila kuficha uso, kama anavyolia mtu aliyepewa kitu kikubwa kuliko mikono yake. Miaka yote miwili alikuwa amemshukuru Mungu na madaktari na mchimba shaba, na mtu wa kushukuriwa alikuwa ng'ambo ya migomba, kajikalia gizani, anamsikiliza anavyotembea.

"Ni huyu mtoto," alisema Kajiru, sasa kwa sauti ya chini. "Mchana analala, jioni ukungu unashuka, hata ukiwa na macho ya mwewe huoni kitu. Anaogeshwa asubuhi. Wanarudi Mwanza hivi karibuni, na mimi sijui kama nitakuwepo wakija tena. Nikasema nitawasha kidogo tu, nizime upesi. Lakini mtoto akicheka, nani anakumbuka kuzima?"

*

Walirudi nyumbani. Nakunda akawasha ukanda, akasimama, na kisanduku kikawa kinamngoja na habari.

"Chanzo cha kelele kimetambuliwa," kilisema. "Ni laini ya jirani. Kwa sheria, miguu inatangulia macho, kwa kuwa asiyeona hukaa, bali asiyesimama huanguka. Ukisema ndiyo, laini ya jirani itakatwa leo. Unasema ndiyo?"

Sheria ilikuwa upande wake. Hilo ndilo lililomtisha. Katika kesi yote ya ule mti hakuwahi kupata sheria iliyomnyookea namna hii.

"Unasema ndiyo?" kikarudia kisanduku.

"Ngoja kwanza!"

Alimtazama mumewe. Yonazi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mkononi. "Usiniulize mimi," alisema. "Mzee kanitia aibu, na najua neno zuri la kusema ni lipi. Lakini nilikubeba mwaka mzima, Mama Mcharo. Kukubeba si kazi, ningekubeba tena mpaka nife. Ila ulivyokuwa unageuza uso ukutani nikikubeba, hapo ndipo siwezi tena. Mimi nasema ukate. Niite mtu mbaya."

"Wewe si mtu mbaya."

"Basi kata."

Hakukata. Akazunguka meza, polepole, akifikiri. Angeweza kumwachia Kajiru asubuhi, yeye achukue mchana. Lakini hapo mzee angepoteza mchana wake, na hesabu ingekuwa ileile, mmoja kasimama na mmoja kakaa gizani. Angeweza kuvumilia mpaka Naetwe aondoke, lakini mwezi ulikuwa unaisha na makosa yalikuwa karibu kufika pale pa kuzimiwa. Na hata kama yasingefika, angewezaje tena kupika uji huku akijua kuna mtu mzima amekaa gizani kwa ajili yake? Zawadi ambayo hukuijua unaipokea bure. Ukishaijua, inabidi useme unaipokea.

Akakumbuka ndiva. Baba yake alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la ukoo ambalo maji hulala usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Mwaka wa ukame watu wa juu walitaka wamwagilie mpaka washibe, wa chini wakanoa mapanga. Baba yake hakumpa mmoja akamnyima mwingine. Alichukua mawe, akabana mlango wa kila mfereji, wa juu na wa chini. Mahindi ya kila mtu yalikuwa mafupi mwaka ule, na watu walimsema sana, lakini hakuna nyumba iliyokosa kuvuna.

"Wewe kisanduku," alisema Nakunda. "Nikipunguza mwendo?"

"Upo mwendo wa chini," kikajibu. "Vifurushi vitakuwa vichache, na kila kimoja kitasafiri na akiba yake, vikitawanywa ili kelele ikipiga isivipate vyote. Utaacha kuanguka. Lakini amri itafika kwa kuchelewa. Hutapanda ngazi wala kugeuka kwa haraka, na hutacheza ngoma. Jirani naye lazima apunguze; picha zake zitafifia na kukosa rangi. Mkishashuka, mtabaki huko mpaka waya mpya uletwe."

Waya mpya! Ulikuwa umeahidiwa tangu mtoto wao Mcharo yuko chekechea, na sasa Mcharo alikuwa anaoa mwezi wa Desemba. Nakunda alikuwa amepanga kucheza. Sherehe ingefanyika hapahapa nyumbani, na kila akibaki peke yake jikoni alikuwa anajizoeza, mwiko mkononi, kiuno kinakumbuka hatua moja moja. Hakumwambia mtu, hata Yonazi. Alitaka mwanawe aone tu, bila kutarajia, mama yake ameingia uwanjani. Aliachia jambo hilo pale pale, wima katikati ya jiko lake, na liliuma. Lilimuuma kuliko moto wa makande.

"Baba Mcharo," alisema, "nenda kwa mzee. Mwambie tunashuka wote wawili. Mwambie picha yake itakuwa hafifu na rangi zitapotea, lakini atawasha saa anayotaka. Muulize kama anakubali."

"Na wewe?"

"Mimi nitatembea kama bibi yangu. Bibi yangu alifika kila alikokuwa anakwenda."

Yonazi alikwenda. Alirudi baada ya kitambo kirefu, macho mekundu, na mkononi ana maparachichi mawili.

"Anasemaje?"

"Anasema rangi ameziona maisha yake yote, na sura ya mtoto haihitaji rangi. Na anasema haya maparachichi ni ya kwake, kakupa kwa hisani, usije ukayatumia kama ushahidi."

Nakunda akakigeukia kisanduku. "La kukata, sitaki. La kushuka, ndiyo."

*

Asubuhi aliwasha ukanda kama kawaida, akasema asante zake. Safari hii zilikuwa na jina moja zaidi, la Mzee Kajiru, na ndilo alilolitaja kwanza. Kisha akauambia mguu wa kulia uende.

Haukwenda. Akadhani umekufa. Halafu, alipokuwa anataka kukata tamaa, ukanyanyuka wenyewe, kama mtoto aliyeitwa na mama yake akamalizia kwanza mchezo. Wa kushoto nao ukachelewa, ukaja. Alijifunza kungoja: anataka, anatulia, mguu unakuja. Kutoka chumbani hadi sebuleni aliweza kusali Baba Yetu yote. Jua likaingia kwenye dirisha la jikoni. Ng'ambo, maji yakasikika yakimiminwa kwenye beseni. Nakunda akashika ukingo wa meza na kukitazama kisanduku. Tarakimu hazikusogea. Akaachia meza.

Yonazi alimfungulia mlango wa mbele. Akatoka barazani, hatua, akangoja, hatua, akangoja, mpaka pale kuta zinapoishia na miguu haina ruhusa ya kwenda zaidi.

Ng'ambo ya migomba Mzee Kajiru alikuwa amesimama barazani kwake, miwani usoni, mkia wa waya nyuma yake, mjukuu amelala begani na taulo. Alikuwa ametazama upande huu. Alitazama mpaka Nakunda akaona haya, akajirekebisha kilemba.

"Mama Mcharo!" hatimaye mzee aliita.

"Abee!"

"Ndiyo wewe huyo unayetembea?"

"Ndiyo mimi, Mzee Kajiru. Asante. Nasema asante mbele ya huyo mtoto, na Mungu anasikia."

"Usinibembeleze. Alhamisi iko palepale."

"Iko palepale! Shukrani ni shukrani, mpaka ni mpaka. Na nitakushinda."

"Tutaona." Mzee alimhamisha mtoto bega la pili, akajisogeza hadi mwisho wa waya wake. Miaka miwili alikuwa ameisikia ile miguu ikipita asubuhi, kila hatua yake, na hakuwa ameiona hata mara moja. "Mama Mcharo," akasema tena, na safari hii sauti haikuwa ya mtu mwenye kesi. "Hebu rudi ndani, utoke tena. Bado sijakuona vizuri."

Nakunda akageuka taratibu, akaisubiri miguu yake mmoja mmoja, akarudi hadi mlangoni, akaanza upya.